Kuboresha shokapu za mbele za pikipiki ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye pikipiki ya barabarani ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo mbele inazama ukishika breki, inagonga kwenye tuta, au inayumba katikati ya kona. Mfano wa mara kwa mara humu ni Honda CB750 ya kemshafti moja, iliyotoka mwaka 1969 na kutengenezwa hadi 1978. Ina mabomba ya mbele ya milimita 35, mwendo wa shokapu (umbali inaoweza kubonyea) wa karibu milimita 140, na uzito wa kama kilo 235 ikiwa imejazwa mafuta. Mengi ya haya yanafaa pia kwa Yamaha, Suzuki, Kawasaki, Triumph na BMW za rika hilo, kwa sababu kanuni ya ndani ni ileile.

Msimamo wangu nausema mapema: shokapu ya zamani iliyotunzwa, ikapewa springi sahihi na oili safi, ni chombo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Wanaokimbilia kufunga mbele ya pikipiki ya kisasa mara nyingi wanaacha shokapu ambayo hawajawahi kuiona ikifanya kazi sawasawa.

Kwa nini mbele ni laini sana, na bado inagonga?

Kwa sababu ulaini na kugonga vinatoka sehemu mbili tofauti, na shokapu za enzi hizo zina udhaifu pande zote mbili.

Ulaini ni wa springi. Viwandani walichagua springi laini ili pikipiki ionekane na starehe, kisha miaka zaidi ya arobaini ikaifanya ifupike. Ukishika breki, uzito unahamia mbele, springi inakubali tu, na unaingia kwenye kona shokapu ikiwa imeshamaliza nusu ya mwendo wake.

Kugonga ni kwa oili. Ndani ya kila mguu wa shokapu kuna fimbo yenye matundu, na gurudumu likipanda, oili inalazimishwa kupita kwenye matundu hayo. Ukubwa wa tundu haubadiliki. Ukisukuma sirinji polepole maji hutoka bila shida. Isukume kwa ghafla, inakataa. Oili kwenye tundu ina tabia hiyohiyo: kasi ikizidishwa mara mbili, ukinzani unaongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo ukishika breki taratibu, oili haikusaidii chochote na mbele inazama. Ukipiga ukingo wa shimo kwa kasi, oili inagoma, gurudumu linashindwa kupanda, na pigo lote linakufikia mikononi.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanaona mbele inazama, wanaweka oili nzito zaidi. Kuzama kunapungua kidogo, kugonga kunakuwa kubaya zaidi. Tatizo la springi halitibiwi kwa oili.

Nina pesa za kitu kimoja tu. Nianze na nini?

Anza na kufungua, kuosha, kubadilisha oili na sili. Hata usiponunua kitu kingine, utajua uko na nini.

Oili ya shokapu ambayo haijaguswa miaka mingi hutoka ya kijivu, nzito chini, na inanuka samaki. Ule ujivujivu ni unga wa alumini na chuma uliosagika ndani. Chini ya mguu utakuta tope ambalo halitoki kwa kufungua boliti ndogo ya kumwagia peke yake. Lazima mguu ushushwe, fimbo itolewe, kila kitu kioshwe kwa mafuta ya taa au dizeli, kisha kikaushwe kabisa. Nimeona pikipiki ambazo mwenyewe alishaagiza springi na vali kutoka ng'ambo, na nusu ya malalamiko yake yakaisha siku tope lilipotolewa.

Kabla hujafungua kofia za juu, legeza kwanza boliti ya kishikizi cha juu kinachobana bomba. Kikiwa kimebana, nyuzi za kofia zinang'ang'ania na unaweza kuziharibu. Inua mbele kwa jeki, gurudumu lining'inie. Kofia inakaa juu ya springi iliyobanwa, kwa hiyo nyuzi za mwisho zizungushe huku ukiikandamiza kwa kiganja, uso ukiwa pembeni. Kofia ikiruka inaweza kutoa jicho.

Nitajuaje kama bomba limepinda?

Likiwa limetolewa na kusafishwa, livingirishe juu ya kioo kinene au meza ya mashine ya fundi wa kukereza. Weka taa upande wa pili uangalie mwanga chini yake. Mwanga ukifunguka na kufunga kadiri bomba linavyozunguka, limepinda. Fundi mwenye saa ya kupimia atakupa jibu kwa namba: bomba likilazwa kwenye vitegemeo viwili vya V, saa ikae katikati, lizungushwe taratibu. Kitabu cha ufundi cha pikipiki yako kinataja kikomo.

Mpindo mdogo hunyooka kwa presi, na fundi mzuri hulifanya kwa uvumilivu. Bomba lenye mkunjo unaoonekana kwa macho, au lililobonyea ukuta, halifai tena. Mara nyingi mpindo huwa pale chini ya kishikizi cha chini, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya ajali huvunjikia. Kagua na vishikizi vyenyewe: laza mabomba mawili yaliyonyooka ndani yake, yatazame kutoka pembeni. Yasipolingana, kishikizi kimejipinda na hakuna springi itakayokusaidia.

Oili gani, na kiasi gani?

Honda wenyewe katika miaka ya 1970 walielekeza kutumia oili ya gia otomatiki, ile nyekundu ya ATF, kwenye pikipiki zao nyingi. Ni jibu zuri hadi leo, hasa mahali ambapo oili maalumu ya shokapu ni ya kuagiza. Inapatikana kila duka la spea za magari, ni safi, haitoi povu ovyo, na uzito wake unakaribia oili ya shokapu ya namba 10.

Ukinunua oili ya shokapu, usiamini sana namba ya 10 au 15 kwenye chupa. Namba hizo hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, na 10 ya kampuni moja inaweza kuwa nyepesi kuliko 7.5 ya nyingine. Kinachoaminika ni kipimo cha unato, yaani uzito wa oili katika kutiririka, kwa sentistoki kwenye nyuzi joto 40, ambacho huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya oili. Ukipata inayokufaa, baki na kampuni hiyo.

Kuhusu kiasi: kitabu hutaja mililita, na Honda walibadilisha vitu vya ndani kati ya miaka ya CB750, kwa hiyo kiasi cha mwaka mmoja si cha mwaka mwingine. Njia iliyo bora ni kupima kimo. Toa springi, shusha bomba mpaka mwisho, mimina oili, pampu taratibu mpaka mapovu yaishe, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa oili. Kwa shokapu nyingi za aina hii zilizowekewa springi mpya, milimita 140 hadi 150 ni pa kuanzia. Sirinji yenye mrija uliokatwa urefu huo hukurahisishia: unanyonya mpaka inavuta hewa tu.

Kimo hiki kina kazi. Hewa iliyo juu ya oili nayo ni springi. Ukiongeza oili, nafasi ya hewa inapungua, na mwisho wa mwendo unakuwa mgumu. Kama pikipiki ni nzuri kila mahali ila inafika chini kwenye mashimo makubwa, panda milimita 10 kisha jaribu tena. Usijaze kupita kiasi. Hewa ikikosa nafasi, sili ndiyo hulipa.

Springi mpya: ngumu kiasi gani? Za ugumu mmoja au zinazokaza kadiri zinavyobonyea?

Tupige hesabu badala ya kubahatisha. CB750 na dereva wa kilo 80 ni kama kilo 315. Chini kidogo ya nusu iko mbele. Toa uzito wa gurudumu, diski na miguu ya chini, ambavyo springi haivibebi, unabaki na kama kilo 125 juu ya springi mbili.

Springi mbili za kilo 0.9 kwa milimita zinatoa 1.8 kwa pamoja. Gawanya 125 kwa 1.8, unapata milimita 69. Ukiwa umezibana milimita 25 wakati wa kufunga kofia, mbele itashuka milimita 44 ukikaa juu yake. Kwenye mwendo wa 140 hiyo ni chini kidogo ya theluthi moja, na ndipo tunapotaka. Sasa weka springi laini za kilo 0.7: 125 kwa 1.4 ni 89, toa 25, inabaki 64. Karibu nusu ya mwendo imekwisha kabla hujaondoka nyumbani.

Springi zinazouzwa kwa pikipiki ya namna hii huwa kati ya takriban 0.80 na 1.0. Mtu mwepesi anayetembea polepole achukue za chini, anayebeba abiria mara kwa mara achukue za juu.

Kati ya aina hizo mbili, mimi huchagua za ugumu mmoja. Zile zinazokaza taratibu zina mwanzo laini, na ulaini huo wote huliwa na uzito wa pikipiki yenyewe na breki ya kwanza. Pia oili ina tabia moja tu, haiwezi kuendana na springi inayobadilika ugumu njiani. Kwa safari za taratibu kwenye lami nzuri zinatosha, na wapo wanaozipenda.

Je, nikikata springi za zamani?

Linafanyika, na lina ukweli ndani yake. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Yenye mizunguko 50 ukikata 5, inakuwa ngumu kwa kama asilimia 11. Urefu uliopotea unajazwa kwa kipande cha bomba.

Masharti ni mawili. Kwanza, kata upande wenye mizunguko iliyokaribiana, kama springi yako ina pande mbili tofauti, kwa sababu ule ndio upande laini. Pili, hakikisha springi iliyobaki haitafunga, yaani mizunguko yote kugusana, kabla shokapu haijamaliza mwendo. Pima urefu wa springi, toa unene wa waya mara idadi ya mizunguko: kinachobaki lazima kizidi mwendo wa shokapu pamoja na mbano wa kofia. Springi ikifunga njiani, nguvu yote inaingia kwenye kofia na nyuzi zake.

Kata kwa jiwe la grainda, usitumie moto wa gesi, maana joto huua chuma cha springi. Ncha iliyokatwa isawazishwe ikae bapa juu ya wosha. Na kama springi yenyewe imeshafupika kupita kikomo kilichotajwa kitabuni, usiihangaikie.

Kipande cha kujazia kitengenezwe kwa nini?

Bomba la PVC la maji lenye ukuta mnene, likatwe sawasawa, wosha ya chuma juu na chini. Bila wosha, springi inakula plastiki na vipande vinaishia kwenye oili. Ukiwa na fundi wa kukereza jirani, alumini ni bora zaidi.

Napimaje kushuka kwa shokapu?

Funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye bomba, karibu na sili, au tumia rula na wasaidizi wawili. Pima ukiwa umeinua mbele kabisa. Kisha kaa juu ukiwa na mavazi yako ya safari, miguu kwenye vikanyagio, mmoja ashike nyuma. Msaidizi asukume mbele chini na kuiacha ipande yenyewe, apime. Halafu ainue mbele na kuiacha ishuke yenyewe, apime tena. Chukua wastani wa namba hizo mbili.

Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ina habari yake. Ikiwa ni kubwa, tuseme milimita 20, shokapu inakwama kwa msuguano, na kuna kitu hakijakaa sawa. Mara nyingi ni ekseli. Kwenye CB750 vifungio vya ekseli chini ya miguu vina upande wa mbele na wa nyuma. Nati za mbele hukazwa kwanza, kisha za nyuma. Kabla ya kuzikaza, shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele na uisukume juu chini mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe. Dakika hiyo moja huleta ulaini ambao watu huutafuta kwa kununua vitu.

Vali za emuleta ni nini, na zinafaa?

Ni vali ndogo inayokaa juu ya ile fimbo ya ndani, ikishikiliwa hapo na springi kuu. Zinazojulikana zaidi ni za Race Tech ya Marekani. Kazi yake ni kuondoa ule udhaifu wa tundu lisilobadilika. Gurudumu likipanda taratibu, vali inakaa imefunga na oili inapita kwa shida, hivyo mbele haizami ovyo. Likipanda kwa ghafla, springi ndogo ya vali inakubali, njia inafunguka, oili inapita na pigo linamezwa.

Kwangu hii ndiyo hatua yenye thamani kubwa baada ya springi. Inabaki ndani, hakuna anayeiona, pikipiki inaonekana kama ilivyotoka kiwandani, na kila kitu kinaweza kurudishwa ilivyokuwa.

Ila kazi yake inataka usahihi. Kwa kuwa vali sasa ndiyo inayotawala, matundu ya fimbo yanayoshughulikia kubonyea lazima yapanuliwe yasizuie tena. Kawaida ni matundu sita ya milimita 8 chini ya fimbo, yakipishana pande ili fimbo isidhoofike. Kila tundu lisuguliwe kingo kwa msasa, ndani na nje. Kile kitundu kidogo cha juu, cha kudhibiti kurudi, kisiguswe kabisa. Kurudi kwa shokapu kutaendelea kutegemea uzito wa oili, ndiyo maana wenye emuleta huanza na oili ya namba 15. Kipande cha kujazia nacho kifupishwe kwa unene wa vali, la sivyo umeongeza mbano bila kujua.

Kumbuka kwamba si kila shokapu ya zamani ina fimbo ambayo springi huikalia. Honda kadhaa za mwanzo wa miaka ya 1970, CB350 ikiwemo, zina muundo mwingine. Fungua mchoro wa spea wa mwaka wako kabla ya kulipa.

Boliti ya chini ya mguu inazunguka tu, haifunguki.

Fimbo ya ndani inazunguka nayo. Rudisha springi na kofia, kandamiza shokapu kwa mkanda ili springi iishike fimbo kwa nguvu, kisha tumia spana ya upepo. Mapigo machache ya haraka hufungua kile ambacho mkono hauwezi. Ukikosa upepo, chonga ncha ya mpini wa fagio iwe na pembe, utoe springi, uupigilie kichwani mwa fimbo kupitia bomba, mtu mmoja aushike wakati wewe unafungua.

Wakati wa kurudisha, wosha ya shaba ya boliti hiyo iwe mpya.

Sili mpya zinavuja baada ya muda mfupi. Kwa nini?

Pitisha ukucha kwenye bomba pale sili inapotembea. Ukucha ukikwama, kuna kishimo cha kutu kwenye kromu, na kila sili utakayoweka itakatwa hapo. Kutu iliyo juu ya eneo la sili ni ubaya wa sura tu. Iliyo ndani ya eneo hilo inataka bomba jipya, au la zamani lisagwe, lipigwe kromu ngumu na kusagwa tena kwa kipimo. Kromu ya mapambo, ile ya bampa, haifai kwa kazi hii.

Sababu ya pili ni vumbi. Anayetembelea barabara za udongo mwekundu anajua linavyoshika kila penye oili. Kifuniko cha vumbi kikishapasuka, udongo unafika kwenye mdomo wa sili na kuusaga. Mpira wa mikunjo unaofunika bomba husaidia sana, mradi uuinue mara kwa mara na kukausha maji yanayojificha chini yake. Vinginevyo utaotesha kutu mahali usipoona.

Wakati wa kuweka sili, funika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki uliopakwa oili ili kingo isikate mdomo wake, na uigonge kwa kipande cha bomba la plastiki kinacholingana, ikae sawa pande zote.

Beringi za usukani zinahusika?

Sana. Inua mbele, shika miguu ya chini, vuta na sukuma. Ukisikia mchezo, usukani umelegea. Kisha geuza usukani taratibu kutoka upande hadi upande: ukihisi kama unataka kutulia katikati, gololi zimechimba vishimo kwenye njia zake. Pikipiki yenye vishimo hivyo haitembei sawa hata uiwekee shokapu gani.

CB750 ilitoka na gololi za kumwaga. Beringi za rola zenye umbo la pia zinadumu na kubeba mzigo vizuri zaidi, na huuzwa kwa vipimo vya pikipiki hii. Zikaze mpaka mchezo uishe na usukani udondoke wenyewe pande zote mbili. Ukizidisha, pikipiki itatangatanga kwenye mwendo mdogo. Rudia kukagua baada ya kilomita mia chache, kwa sababu vikombe vipya hujikalisha.

Nimeondoa madigadi ya mbele ili iwe na sura ya mbio. Kuna madhara?

Kwenye mabomba ya milimita 35, ndiyo. Mikono ya chuma ya madigadi inaunganisha miguu miwili ya chini, na bila hiyo kila mguu unajiendea. CB750 nyingi zina diski upande mmoja tu kutoka kiwandani, hivyo breki nayo inausokota. Weka daraja la alumini kati ya miguu, lililotengenezwa kwa kipimo sahihi. Likiwa jembamba au pana kwa nusu milimita, litabana miguu na kuleta msuguano uleule uliokuwa unaukimbia.

Nataka kufunga mbele nzima ya Suzuki GSX-R. Unanishauri nini?

Fanya hesabu kwanza, ununue baadaye.

Faida zipo. Bomba nene lina ukakamavu mkubwa. Kwa ukuta wa unene uleule, kutoka milimita 35 hadi 41 unaongeza ukakamavu kwa zaidi ya nusu. Breki ni za kisasa, vali za ndani ni za katriji, yaani zimefungwa ndani ya bomba lake dogo, na zinarekebishika kutoka nje.

Shida ni jiometri. Kinachofanya pikipiki ijinyooshe yenyewe ni umbali kati ya mahali tairi linapogusa ardhi na mahali mstari wa usukani ungeigusa ukirefushwa. Ukubwa wake unatokana na vitu vitatu: pembe ya usukani, nusu kipenyo cha gurudumu, na umbali ambao vishikizi vinasogeza mabomba mbele ya mhimili. Zidisha nusu kipenyo kwa saini (sin) ya pembe, toa umbali wa vishikizi, gawanya kwa kosaini (cos).

CB750 ina pembe ya digrii 27. Tuseme gurudumu la inchi 19 lenye nusu kipenyo cha milimita 330, na vishikizi vya milimita 60: jibu ni kama 101. Sasa weka gurudumu la inchi 17 lenye nusu kipenyo cha 300 na vishikizi vya kisasa vya milimita 30, pembe ikibaki ileile: jibu ni 119. Usukani umekuwa mzito, unagoma kuingia kwenye kona. Lakini pembe haibaki. Shokapu za pikipiki ya mbio ni fupi na gurudumu ni dogo, mbele inashuka, na kwa urefu wa CB750 wa milimita 1455 kati ya ekseli, kila milimita 25 ya kushuka huondoa kama digrii moja. Ikifika digrii 25, jibu linarudi 107. Kwa namba hii usukani unatembea vizuri, ila sasa injini iko chini, egzosi zinagusa ardhi kwenye kona, na stendi inaisimamisha pikipiki wima mno.

Kisha kuna mhimili wa usukani wenyewe. Ule wa Suzuki hauingii kwenye fremu ya Honda bila kazi. Unatolewa kwa presi na mwingine unakerezwa kwa kipimo. Kiungo hiki kikiachia, hakuna nafasi ya pili. Kipewe fundi mwenye rekodi ya kazi hiyo, na kikaguliwe na mtu mwingine kabla ya kutembea.

Kwa mwenye hamu ya bomba nene bila kuvunja sura ya pikipiki, kuna njia ya kati: mbele za Honda za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zenye mabomba ya milimita 37 au 39. Hizo zinafanana kwa urefu na vishikizi, na hesabu yake haikutoi mbali.

Kisheria inaruhusiwa?

Kubadilisha springi, oili na vali za ndani hakuna anayekusumbua kwa kawaida. Kubadilisha mbele nzima ni jambo jingine. Ujerumani mabadiliko ya namna hiyo lazima yakaguliwe, na shirika la ukaguzi la TÜV kwa mfano, kisha yaandikwe kwenye hati za pikipiki. Uingereza, pikipiki yenye zaidi ya miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka wa MOT endapo haijafanyiwa mabadiliko makubwa, na kubadilisha aina ya shokapu au usukani kunaweza kukutoa kwenye msamaha huo. Popote ulipo, iulize na kampuni yako ya bima kwa maandishi.

Nikiboresha mbele, nyuma ibaki?

Kwa muda, ndiyo. Lakini mbele ikishakuwa ngumu na nyuma imechoka, pikipiki itakaa chini kwa nyuma, pembe ya usukani italala, na utahisi mbele nyepesi kwenye kona ndefu. Panga shokapu za nyuma ziwe kazi inayofuata. Kagua na bushi za mkono wa nyuma wakati huohuo.

Baada ya kufunga kila kitu, nijaribu vipi?

Chagua barabara moja unayoijua, yenye tuta, viraka na kona, uipite kila mara kwa mwendo uleule. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na ukiandike.

Mbele ikizama haraka ukigusa breki na kushuka kwako kunazidi theluthi ya mwendo, ongeza mbano au springi. Ikigonga kwenye viraka vidogo ilhali haifiki mwisho, oili ni nzito mno au emuleta imekazwa mno. Legeza nusu mzunguko. Ikipiga tuta kisha ikaruka juu na kuinuka tena, inarudi haraka, ongeza uzito wa oili. Ikizidi kushuka kidogokidogo kwenye mfululizo wa matuta madogo, kama yale ya rasta, inarudi polepole mno na haipati muda wa kunyooka. Punguza uzito wa oili.

Baada ya safari ya kwanza, pitia boliti za vishikizi, za ekseli, za kaliper na za madigadi kwa spana ya kipimo. Pangusa mabomba kwa kitambaa cheupe, pampu mara kumi, uangalie kama kuna mstari wa oili.